Ufuatiliaji wa wingu binafsi katika mazingira ya Bigo, Bunia

Wingu binafsi ni kundi la seva linalomilikiwa na taasisi moja, ambamo programu hugawa prosesa, kumbukumbu na diski za mashine chache ili zitumike kama mashine pepe nyingi. Mifumo inayotumika sana kwa kazi hiyo ni Proxmox, iliyotoka mwaka 2008, na OpenStack, iliyoanzishwa mwaka 2010 na NASA pamoja na kampuni ya Rackspace. Kufuatilia wingu ni kupima hali ya seva kila baada ya muda mfupi, kuhifadhi vipimo, kuvichora kwenye dashibodi na kumwita fundi jambo linapoharibika. Makala haya yanaeleza kazi hiyo kwa taasisi ndogo, iwe shule, zahanati au ofisi, yenye seva zake Bigo, mtaa wa Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja yake ni kwamba chombo cha kufuatilia kinapaswa kukaa mjini humohumo, nje ya wingu kinalolichunga, na kianze na umeme kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa nini kikae mjini

Kampuni nyingi za ng'ambo hutoa huduma ya ufuatiliaji: seva hutuma vipimo vyake kwenye mtandao, na dashibodi huishi Ulaya au Marekani. Kwa Bunia njia hiyo ni ndefu mno. Kutoka hapo hadi nyaya za baharini za Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000, na hadi Muanda, pwani ya Kongo yenyewe, ni zaidi ya kilomita 2,000. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchini Kongo na haikurudi hadi siku 20 hivi zilipopita. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Katika siku kama hizo seva za Bigo zingeweza kuendelea kuwahudumia watu wa jengo lao bila shida, kwa kuwa safari ya data inaanzia na kuishia katika waya wa jengo hilo. Lakini dashibodi iliyoko ng'ambo ingeonyesha kwamba kila kitu kimekufa, na fundi asingeweza kutofautisha seva iliyozimika na njia iliyokatika. Chombo kisichoweza kutofautisha mambo hayo mawili hakimsaidii mtu.

Kwa nini kikae nje ya wingu

Kishawishi cha kwanza cha fundi ni kuunda mashine pepe moja zaidi na kuweka humo programu ya ufuatiliaji, kwa sababu ni rahisi na haina gharama. Waswahili husema mganga hajigangi. Hifadhi ya wingu ikijaa au seva mama ikiganda, mashine hiyo pepe huanguka pamoja na zile ilizotakiwa kuzitolea habari, na tahadhari haitoki. Dawa yake ni kompyuta ndogo ya pekee, yenye diski yake na betri yake, iliyounganishwa moja kwa moja na swichi ya mtandao wa ndani. Humo hukaa Prometheus, programu ya kukusanya na kuhifadhi vipimo iliyoanza kutengenezwa mwaka 2012 katika kampuni ya SoundCloud, pamoja na Grafana, iliyoanzishwa na Torkel Ödegaard mwaka 2014, ambayo huchora vipimo. Au Zabbix, iliyotolewa hadharani mwaka 2001, ambayo hufanya kazi zote mbili. Hata kompyuta hiyo, mlinzi wa wingu, inahitaji wa kuichunga. Desturi nzuri ni kuweka tahadhari moja inayolia daima kwa makusudi, na kifaa kingine kinachoisikiliza. Ikinyamaza, kifaa hicho kinamwita fundi, kwa kuwa ukimya wenyewe ni habari.

Kwa nini kianze na umeme

Vitabu vya ufundi huanza juu, kwenye programu. Wahandisi wa Google, katika kitabu chao cha mwaka 2016 kuhusu utunzaji wa mifumo, walitaja mambo manne ya kupimwa: muda wa kujibu, wingi wa maombi, makosa na kiwango cha kujaa. Orodha hiyo ni sahihi, ila inachukulia kwamba umeme upo. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara na kazi huhamia kwenye betri, jenereta au nguvu ya jua, vipimo vya kwanza ni vitatu: je, umeme unaingia, betri imebaki na dakika ngapi, na joto la chumba ni kiasi gani. Programu ya Network UPS Tools husoma hali ya betri na kuipeleka kwenye mfumo wa ufuatiliaji. Tuseme umeme umekatika usiku na betri imebaki na dakika 30. Bila mpangilio, simu ya fundi itapokea tahadhari kadhaa kwa mpigo: ruta haijibu, hifadhi inachelewa, tovuti imeanguka. Alertmanager, mwenzake Prometheus, ina kanuni ya kuzinyamazisha tahadhari ndogo pale kubwa inapolia. Fundi anapata ujumbe mmoja, nao ni umeme. Betri ikifika dakika 10, seva zinaanza kujizima zenyewe kwa utaratibu. Seva inayozimika ghafla katikati ya kuandika inaweza kuharibu majalada, na uharibifu huo hauondoki umeme unaporudi.

Dashibodi na saa

Dashibodi hupimwa kwa hatua anazochukua anayeitazama. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, uliogusa Kivu Kaskazini na Ituri, wahudumu wa afya waliwafuatilia waliokutana na wagonjwa kwa siku 21. Idadi ya walioonekana siku hiyo ilikuwa na maana kwa sababu kila asiyeonekana alikuwa na mlango wa kwenda kubishwa. Seva nazo zinastahili nidhamu hiyo: kipimo kisicho na mtu wa kukishughulikia wala hatua ya kuchukua kisikae kwenye ukurasa wa mbele. Saa nazo zipangwe. Bunia iko saa moja mbele ya Kinshasa na saa moja nyuma ya Uganda. Kwa hiyo kumbukumbu za matukio zihifadhiwe kwa saa ya dunia (UTC) na dashibodi ionyeshe saa ya Bunia, na seva zote zifuate chanzo kimoja cha saa ndani ya jengo, ili zisiachane intaneti inapokosekana.

Pingamizi

Wapo wanaosema kwamba mpango huu ni ghali kwa taasisi ndogo. Hesabu inakataa. Seva 3 zenye vipimo 1,000 kila moja, zikisomwa kila baada ya sekunde 15, hutoa sampuli 200 kwa sekunde. Prometheus huhifadhi sampuli moja kwa baiti 1 hadi 2, kwa hiyo siku 15 hazifiki megabaiti 520, na mwaka mzima hauzidi gigabaiti 13 hivi. Diski ya kompyuta ya zamani inatosha, na vipimo havili hata senti ya intaneti. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la usalama: Ituri imejua vita na uhamaji wa watu, na moto au uporaji unaweza kuondoa seva na mlinzi wake kwa siku moja. Hilo ni kweli, na jibu lake ni kutuma nakala za data na muhtasari wa vipimo mji mwingine kila njia inapofunguka, kwa namna isiyobeba majina ya watu, hasa tangu Kongo ilipopata Kanuni ya Dijitali, sheria inayogusa pia data binafsi, mwezi Machi 2023. Nakala ya mbali hulinda kumbukumbu. Haiwezi kumwambia mtu wa Bigo, usiku wa leo, kwamba betri imebaki na dakika 10, na ni kwa ajili ya dakika hizo kompyuta ndogo inawekwa kando ya seva.