Leza kwa mgonjwa wa saratani ya utumbo iliyosambaa

Saratani ya utumbo mpana ikishasambaa mpaka kwenye ini au mapafu, mara nyingi haiondoki tena. Lakini ule uvimbe wa utumboni bado unamtesa mgonjwa: unavuja damu, unatoa ute, unaziba njia ya choo. Hapo ndipo leza hutumika, kumpunguzia mateso, si kumponya. Matibabu ya namna hii huitwa tiba shufaa.

Leza ni mwanga mkali uliokusanywa pahala pamoja. Wengi huichanganya na mionzi inayotolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, lakini ni vitu viwili. Leza hupelekwa ndani kwa uzi mwembamba wa kioo, kupitia mpira wenye kamera unaoingizwa njia ya haja kubwa. Mwanga huunguza uvimbe kidogo kidogo mpaka njia ipatikane na damu ipungue. Tumbo halipasuliwi. Kasoro yake ni kwamba uvimbe huota tena, hivyo kazi hurudiwa kila baada ya wiki kadhaa, na mara chache utumbo hutoboka. Hufaa zaidi uvimbe ulio chini, karibu na njia ya haja kubwa.

Mashine zake ni ghali. Hata Ulaya, ambako ilitumika sana miaka ya 1980, siku hizi madaktari wengi huweka kijibomba cha wavu wa chuma kinachotanua palipoziba. Kwa mgonjwa wa Pemba, zilizo karibu zaidi ni tiba nyingine: mionzi ya kupunguza damu na maumivu, ambayo huvukiwa bahari, morfini ya maji ya kunywa, na upasuaji wa kutolea choo tumboni, kikaingia kwenye mfuko.

Mfuko huo ndio unaoleta ubishi majumbani. "Atasali vipi?" Wanazuoni humhesabu kuwa mwenye udhuru: hujisafisha, hutawadha baada ya wakati wa sala kuingia, akasali. Muulizeni sheikh wenu kabla ya kukataa upasuaji, maana wapo waliokataa kwa jambo lenye jawabu.

Morfini nayo huogopwa, eti mgonjwa ataizoea. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari kwa maumivu ya saratani, hofu hiyo ni ndogo kuliko kumwacha akigugumia usiku kucha. Ila hufunga choo, kwa hiyo ulizia na dawa ya kulainisha.

Choo na upepo vikisita kabisa, tumbo likajaa na mgonjwa akaanza kutapika, msingoje asubuhi wala msimpe dawa ya kuharisha. Mpelekeni hospitali yenye upasuaji, kama Abdalla Mzee ya Mkoani au Chake Chake, na mchukue karatasi zake zote za matibabu.