Kani Haina Mwenyewe

Kitabu cha sayansi humwambia mtoto kwamba kani ni msukumo au mvuto. Sawa, lakini nani anamsukuma nani?

Mtaani watu husema nguvu, na kwa fizikia neno hilo lina kasoro moja: nguvu huwa na mwenyewe. Mchukuzi wa bandarini anazo hata akiwa amelala. Kani haikai ndani ya kitu; hutokea baina ya vitu viwili vinavyoathiriana. Mguu ukishaachana na mpira, kani ya mguu imekwisha, hata kama mpira bado unapaa kuelekea golini.

Mtazame mvuvi anayeondoa mtumbwi kwa upondo. Anasukuma mchanga wa chini ya maji kuelekea nyuma. Mchanga nao unausukuma upondo mbele kwa kani ileile, upondo unamsukuma mvuvi, na nyayo zake zinausukuma mtumbwi. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu ya Isaac Newton, aliyoichapisha mwaka 1687. Hapo darasani swali halikosi: ikiwa kani hizo ni sawa na zinaelekea kinyume, mbona hazibatilishani? Kwa sababu haziko juu ya kitu kimoja. Moja imeupata mchanga, nyingine imeupata upondo. Kitabu kilichotulia mezani ni habari nyingine: Dunia inakivuta chini, meza inakisukuma juu, na zote mbili zimekipata kitabu. Hizo hubatilishana, ila si jozi anayoisema Newton, na wengi huteleza hapa. Jozi ya kweli ni Dunia kukivuta kitabu na kitabu kuivuta Dunia.

Kiswahili kinayo silaha ya kulieleza hili, nayo ni kauli ya kutendana. Msuguano na mvutano tayari vina ule “-an-” wa pande mbili. Msukumo na mvuto havina, vinamtaja mtendaji mmoja tu. Ningepewa kalamu, ningeandika: kani ni kusukumana au kuvutana kwa vitu viwili.

Basi kilo moja ya sukari huvutwa na Dunia kwa takriban nyutoni 9.8, nayo huivuta Dunia kwa nyutoni hizohizo. Sukari ikidondoka tunaiona. Dunia nayo huinuka kuilaki, ila tungamo yake ni kama kilo trilioni 6 mara trilioni, na hakuna kipimo kitakachouona mwendo huo.