Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini je, mgeni akija na mwenyeji asipone?

Tutazame Jozani, Unguja. Watalii walilipa kiingilio kumwona kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Zanzibar peke yake. Mkulima jirani alibaki akihesabu vidaka vilivyoliwa mnazini, akamwona mnyama yule ni adui.

Katika miaka ya 1990, sehemu ya mapato ya watalii ilianza kurudi vijijini kwa shughuli za maendeleo. Mwaka 1999, watafiti walichapisha kwamba mahali punju walipokula vidaka zaidi, mavuno ya nazi hayakupungua, bali yalikuwa makubwa zaidi. Mwaka 2004, Jozani na Ghuba ya Chwaka zikawa Hifadhi ya Taifa.

Nami nasema hivi: hotuba na sheria pekee hazilindi msitu. Mtu hulinda kile anachokiona kinamfaa, na ambacho anaulizwa juu yake. Basi wenye kupanga utalii wakumbuke: fungu la kijiji si sadaka. Ni haki ya mlinzi, na siku likikatwa, shoka litarudi msituni.