Taa ya Ngazini

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anasoma uhandisi wa mitambo ya simu. Mwaka jana alikwenda fildi, yaani yale mafunzo kwa vitendo ambayo mwanafunzi hupelekwa kazini ili akaone kwa macho yale aliyoyaandika daftarini. Aliondoka nyumbani na suruali mpya ya kazi, testa ya umeme mfukoni, na furaha tele. Jioni ya kwanza nikamwuliza, vipi huko? Akasema, "Kaka, nimepanga mafaili." Jioni ya pili, "Kaka, nimetumwa chapati." Wiki nane zikaisha hivyo hivyo. Ile mitambo aliyoifuata aliiona kupitia kioo cha mlango, na testa yake ikarudi nyumbani haijagusa hata skurubu moja.

Mimi sikufika chuo. Niliishia kidato cha nne, na ninalolitafuta duniani ni kuandika riwaya. Lakini maneno yake yalinichoma, kwani swali lake ndilo langu pia: mtu mchanga anapoingia kwenye kazi ya wakubwa, ana nini cha kuwapa? Au yupo yupo tu, wa kutumwa chapati? Usiku ule tukiwa barazani nilimhadithia habari za mwanafunzi mmoja wa Marekani. Leo nakuhadithia na wewe, ndugu msomaji.

Jina lake Claude Shannon. Alizaliwa tarehe 30 Aprili 1916 huko Petoskey, jimbo la Michigan, akakulia Gaylord, mji mdogo wa jimbo hilo hilo. Baba yake alikuwa hakimu, mama yake mwalimu. Mashamba ya huko yalizungushiwa seng'enge. Wewe na mimi tukiona seng'enge tunaona kizuizi. Yeye aliona waya. Akishirikiana na rafiki yake waliigeuza ile seng'enge kuwa laini ya telegrafu, wakawa wanapelekeana habari kwa umbali wa nusu maili, karibu mita 800. Ng'ombe wanakula majani, na juu ya vichwa vyao habari zinapita!

Mwaka 1932 aliingia Chuo Kikuu cha Michigan, akatoka 1936 na shahada mbili, ya uhandisi wa umeme na ya hisabati. Kati ya masomo yake hapo, alisoma pia somo moja la falsafa. Wahandisi wangapi hulidharau somo la namna hiyo! Wanakaa nyuma, wanasinzia, wanangoja kengele. Kumbe humo ndimo alimokutana na marehemu George Boole.

Naomba nisimame kidogo kwa huyu Boole, maana nampenda. Alizaliwa Uingereza mwaka 1815, mtoto wa fundi viatu. Chuo kikuu hakukiona kama mwanafunzi. Akiwa na miaka 16 alikuwa tayari anafundisha shule ili ndugu na wazazi wale, na hisabati alijifundisha mwenyewe kwa vitabu. Mwaka 1849 akafanywa profesa huko Cork, Ireland, bila shahada yoyote. Mwaka 1854 akatoa kitabu kilichosema jambo la ajabu: kwamba fikira za binadamu, hizi za "ikiwa", "na", "au", "siyo", zinaweza kuandikwa kwa herufi na kupigiwa hesabu kama aljebra. Kweli ni 1. Uongo ni 0. Akafariki 1864, umeme wa majumbani haujafika. Kwa miaka zaidi ya 70 aljebra yake ilibaki mikononi mwa wanafalsafa na wanahisabati wachache, kama panga la babu lililotundikwa ukutani.

Turudi kwa kijana wetu. Mwaka 1936 aliona tangazo kwenye ubao: chuo cha MIT, karibu na Boston, kilikuwa kinatafuta msaidizi wa kuendesha mashine ya Profesa Vannevar Bush. Akaomba, akapata. Mashine yenyewe ilijaza chumba, mihimili na magurudumu yanazunguka, ikitatua hesabu ngumu ambazo zingemchukua mtu siku nyingi. Lakini mambo mengine ndani yake yaliongozwa na rilei zipatazo 100, na hizo rilei ndizo zilizomtia Shannon wazimu.

Rilei ni nini? Ni kidude kidogo. Chukua chuma, kizungushie waya mwembamba. Umeme ukipita kwenye waya, chuma kinakuwa sumaku, kinavuta ulimi wa chuma ulio mbele yake, na ule ulimi unaunganisha au unakata njia nyingine ya umeme. Ukikata umeme, ulimi unarudi mahali pake. Ka! Ka! Basi. Ni swichi isiyobonyezwa na kidole bali na umeme mwenyewe. Rilei moja inaweza kuamrisha nyingine, na hiyo nyingine ikaamrisha ya tatu.

Na nchi nzima ya Marekani ilikuwa imejaa rilei, kwa sababu ya simu. Zamani ukitaka kuongea na mtu ulimwomba binti wa simu, naye akachomeka waya ubaoni. Kisha akatokea mzishi mmoja wa Kansas City, Almon Strowger. Husimuliwa kwamba alichukia kuona wateja wake wanapelekwa kwa mzishi mwenzake na binti wa simu, akaapa kumwondoa binti huyo katikati. Mwaka 1891 akapewa hataza ya mtambo wa kuunganisha simu wenyewe kwa wenyewe. Tangu hapo mitambo ikakua, na kufikia miaka ya 1930 kituo kimoja cha simu cha mjini kilikuwa na maelfu ya rilei. Mafundi walizipanga kwa uzoefu, kwa kuchora, kwa kujaribu na kufuta. Aliyekuwa hodari alikuwa hodari kama mpishi wa pilau: anajua, lakini hawezi kukuandikia.

Majira ya joto ya mwaka 1937 Shannon alikwenda New York kufanya kazi Bell Labs. Hii ilikuwa maabara iliyoundwa 1925, ikimilikiwa na kampuni ya simu ya AT&T pamoja na Western Electric, kiwanda kilichotengeneza mitambo ya mtandao mzima wa simu. Jengo lilikuwa West Street, kando ya mto Hudson. Ilikuwa fildi yake, tuiite hivyo. Ana miaka 21. Kazi kubwa ya nyumba ile ilikuwa hasa hiyo ya kuunganisha simu za watu, na tatizo lake lilikuwa lile lile la zile rilei 100 za MIT, lakini limekuzwa mara nyingi mno.

Hapo ndipo panga la babu liliposhuka ukutani. Swichi mbili zikifuatana kwenye waya mmoja, umeme hupita ikiwa ya kwanza imeungana NA ya pili imeungana. Zikiwa sambamba, kila moja na njia yake, umeme hupita ikiwa hii AU ile imeungana. "Na", "au", kweli, uongo! Boole huyo, mtoto wa fundi viatu, yumo ndani ya waya!

Ngoja nikupe mfano wa nyumbani. Nyumba ya ghorofa ina taa ya ngazini yenye swichi mbili, moja chini, moja juu. Unaiwasha ukiwa chini, unaizima ukiwa juu. Kanuni yake ni hii: taa inawaka ikiwa ya chini imebonyezwa NA ya juu haikubonyezwa, AU ya chini haikubonyezwa NA ya juu imebonyezwa. Zikilingana, giza. Sasa itazame kama hesabu: 0 na 0, taa 0. 1 na 0, taa 1. 0 na 1, taa 1. 1 na 1, taa 0. Mtu ajumlishaye kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, huandika hivyo hivyo, ila ile 1 na 1 anaandika 0 kisha anabeba 1 kwenda mbele. Maana yake, jamani, taa ya ngazini inajumlisha! Ongeza swichi ya kubeba, na una mashine ya hesabu.

Hayo ndiyo Shannon aliyoyaandika. Tasnifu yake ya shahada ya pili ina tarehe 10 Agosti 1937, ikachapishwa 1938. Humo alionyesha kwamba unaweza kuiandika njia ya umeme kama mstari wa aljebra, ukaufupisha mstari kwa kalamu, halafu ukajenga ule mfupi. Kila herufi uliyoifuta ni mguso mmoja ambao kiwanda hakitautengeneza, na pengine rilei nzima. Mwishoni akaweka mifano, mmojawapo kufuli la umeme la namba za siri, mwingine mashine ya kujumlisha kwa 0 na 1. Novemba 1937, mtu mwingine wa Bell Labs, George Stibitz, alikaa kwenye meza ya jikoni kwake akaunganisha rilei, balbu za tochi na vipande vya kopo la tumbaku, akapata mashine iliyojumlisha kweli. Septemba 1940 mashine yake kubwa zaidi, iliyokuwa New York, iliulizwa hesabu kwa waya kutoka chuo cha Dartmouth, jimbo la New Hampshire, na ikajibu. Mashine ya hesabu na mtandao wa simu zikawa zimeshikana mikono.

Nilipofika hapo mdogo wangu akanikatiza. "Kaka, huyo alikuwa jiniasi. Mimi ni mtu wa kawaida."

Nikamwambia asubiri. Kwanza, Shannon hakuwa peke yake. Huko Japan mhandisi Akira Nakashima, wa kampuni ya NEC iliyotengeneza mitambo ya simu, alikuwa akichapisha makala kuhusu nadharia ya njia za rilei kabla ya Shannon. Huko Moscow, Victor Shestakov naye aliifikia njia hiyo hiyo, lakini maandishi yake yakatoka 1941. Watu watatu, nchi tatu, kitu kimoja. Jambo lilikuwa limeiva, linangoja mtu mwenye macho mawili: jicho la waya na jicho la falsafa.

Pili, na hili ndilo linaloniuma, wapo waliokuwa karibu na swichi zile kuliko Shannon na hakuna aliyewauliza kitu. Karibu na Chicago, Western Electric ilikuwa na kiwanda kikubwa kiitwacho Hawthorne. Kuanzia Novemba 1931 hadi Mei 1932 wataalamu waliwaweka wanaume 14 katika chumba kimoja ili wawachunguze: 9 wa kufunga nyaya, 3 wa kulehemu, 2 wakaguzi. Waliunganisha sehemu za swichi za simu siku nzima. Wataalamu waliandika wanaume wale wanavyotaniana, na wanavyompiga mwenzao ngumi ya mkono akifanya kazi upesi mno, wakihofia kiwango kitapandishwa au wenzao watafukuzwa. Kisha dhiki ya uchumi ikaufunga uchunguzi wenyewe. Waliandika mengi juu ya mikono ile. Lakini kama mmoja wao aliwahi kufikiri, akiwa na waya mkononi, kwamba "hapa tunarudia njia mbili bure", nani angemsikiliza?

Shannon alisikilizwa. Alirudi Bell Labs akaajiriwa 1941, na mwaka 1948 akachapisha nadharia ya mawasiliano ambayo ndiyo msingi wa kupima habari kwa biti. Simu yako ya mkononi, picha unayomtumia mchumba, vyote vinapimwa kwa kipimo kile. Alifariki tarehe 24 Februari 2001, maradhi ya kusahau yakiwa yamemwibia kumbukumbu ya kazi yake mwenyewe.

Basi nikamwambia mdogo wangu: hizi ni swichi mbili zinazofuatana. Moja ni ya kwako, kwenda kazini na kitu kichwani ambacho wenyeji hawana, hata kama ni somo ulilodhani la kupoteza muda. Ya pili ni ya wenye nyumba, kufungua mlango. Moja ikikatika, giza. Waliokutuma chapati walikata ya kwao. Hiyo ni aibu yao, na ni hasara yao. Wewe usikate ya kwako.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Na wewe kaka, ya kwako umeibonyeza? Hiyo riwaya iko wapi?"

Nilikosa jibu. Wiki iliyofuata alinunua rilei nne kuukuu kwa fundi redio, betri na balbu za tochi, akavimwaga mezani. Mimi nikavuta daftari upande wa pili wa meza hiyo hiyo. Alipoweka 1 na 1, balbu moja ikazimika na nyingine, ile ya kubeba, ikawaka. Mimi nilikuwa ukurasa wa tatu.