Pikapu ya mazutu inazimika na kukosa nguvu: anza na filtre kabla ya kugusa pompi

Katika mtaa wa Lumumba, mjini Bunia, si ajabu kukuta pikapu imesimama kando ya barabara, kapo iko wazi, shofere ameinama juu ya moteri na watu watatu wamemzunguka, kila mmoja na shauri lake. Huyu anasema pompi imekufa. Yule anasema ni enjekteri. Wa tatu anataka moteri ifunguliwe yote. Mara nyingi mwenye gari anaishia kulipa pesa mingi kwa kitu ambacho hakikuwa na ubaya wowote, na juma linalofuata gari inazimika tena palepale.

Shida hii si ya pesa tu. Pikapu yenye kubeba samaki na watu kutoka Kasenyi inaanza safari kwenye ziwa Albert, kama mita 620 juu ya usawa wa bahari, na inapanda kupitia Bogoro mpaka Bunia, zaidi ya mita 1200. Moteri ikizimika katikati ya kilima kile, breki inakuwa ngumu na usukani unakuwa mzito. Na katika barabara nyingi za Ituri, gari kulala njiani ni hatari kwa wote walio ndani yake.

Moteri ya mazutu inaomba nini

Moteri ya esanse inawasha kwa cheche ya buji. Ya mazutu haina cheche: hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa moto sana, kisha mazutu inapulizwa humo na inawaka yenyewe. Kwa hiyo inahitaji vitu vitatu: mazutu safi, hewa ya kutosha, na mbano mzuri. Nguvu ikipotea, kimoja kati ya hivyo kinakosekana. Kutafuta ni kuanza na kile cha bei ndogo, tena kinachoharibika mara nyingi, na kuenda hatua kwa hatua.

Kwanza, inazimika namna gani?

Kabla ya kushika ufunguo wowote, shofere ajibu ulizo hili. Jibu lake ni nusu ya kazi.

- Inazimika ghafla, kama mtu amezungusha ufunguo: tafuta upande wa umeme. Kwenye pompi nyingi za zamani kuna valvu ndogo ya umeme inayoruhusu mazutu kupita. Waya yake ikilegea kwa mitikisiko ya barabara, moteri inakufa mara moja.
- Inashtuka-shtuka, inapungua polepole, kisha inazimika: mazutu haifiki vizuri.
- Inatembea kilomita kadhaa, inazimika, inapumzika dakika kumi, halafu inaenda tena kama kawaida: kuna uchafu ndani ya tanki. Moteri ikivuta, uchafu unaziba mdomo wa tiyo. Ikisimama, unaanguka chini.
- Haizimiki, lakini kwenye kilima haina nguvu na inatoa moshi mweusi: hewa haitoshi.

Mazutu yenyewe

Mazutu nyingi ya Ituri inaingia kutoka Uganda, na kabla ya kufika kwenye tanki imepita mikono mingi: fito, bidoni, chupa za wale wachuuzi wa barabarani ambao watu wanawaita Kadafi. Si wote wanaochanganya, lakini bidoni iliyosafishwa na maji bila kukauka inatosha kuleta shida.

Kuna namna rahisi ya kupima. Chukua mazutu kidogo kutoka chini ya filtre au ya tanki, weka katika chupa nyeupe inayoonyesha ndani, acha ilale usiku mzima. Maji ni mazito kuliko mazutu, kwa hiyo yatashuka chini na mpaka wake utaonekana wazi. Uchafu nao utakaa chini. Kama mazutu inanuka petroli ya taa, usiiweke ndani ya gari: petroli inapunguza ulaini ambao pompi inategemea, na pompi itaanza kujisaga.

Tanki iliyoachwa karibu tupu usiku kucha inaweza kuzalisha maji yenyewe, kwa sababu unyevu wa hewa unaganda kwenye chuma baridi. Msimu wa mvua ni heri kulaza gari na tanki yenye kujaa kidogo.

Filtre, tiyo na tanki

Filtre ya mazutu kwenye pikapu nyingi, zikiwemo Hilux na Land Cruiser, iko na robine ndogo chini ya kutoa maji. Ifungue mpaka itoke mazutu safi. Kama filtre ni ya zamani, badilisha. Bei yake na bei ya pompi ni mbingu na ardhi. Baada ya kubadilisha, piga pompi ya mkono iliyo juu ya filtre mpaka iwe ngumu, ili hewa itoke.

Ile pompi ya mkono ikilegea tena kila asubuhi, hewa inaingia mahali fulani. Angalia tiyo za mpira na vifungio vyake. Tiyo iliyopasuka upande wa kuvuta haimwagi mazutu siku zote: inaingiza hewa. Fundi anaweza kuweka kipande cha tiyo ya kuonyesha ndani. Mapovu yakipita, jibu limepatikana.

Kisha fungua kifuniko cha tanki mara tu gari inapokosa nguvu. Ikivuta hewa kwa kelele na nguvu ikarudi, tundu la kupumulia la tanki limeziba. Kulizibua hakuombi pesa.

Kwa moteri za zamani kama 2L, 3L au 1HZ, kuna jaribio moja kubwa: jaribio la bidoni. Fundi anafunga bidoni ndogo ya mazutu safi mahali pa juu, mbali na feni na bomba la moshi, anaunganisha tiyo ya kuvuta moja kwa moja kwenye filtre, na tiyo ya kurudisha ndani ya bidoni hiyohiyo. Gari ikienda vizuri, ubaya uko nyuma: tanki au tiyo zake. Isipobadilika, ndipo sasa pompi inaweza kushukiwa.

Hewa na moshi

Vumbi la njia ya Mahagi au Komanda linajaza filtre ya hewa haraka. Itoe, iangalie kwenye mwanga. Kwa gari yenye turbo, angalia pia tiyo kubwa za hewa: moja ikipasuka, utasikia mlio wa upepo na nguvu inapotea.

Moshi mweusi ni mazutu mingi kuliko hewa. Moshi wa bluu ni mafuta ya moteri kuungua. Moshi mweupe usioisha hata moteri ikiwa moto unaweza kuwa mazutu isiyowaka au maji kuingia silinda: hapo mbano upimwe.

Tena, moteri isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu kwa kila mita 1000 za kupanda. Kupungua kidogo Bunia ni kawaida, si ugonjwa.

Magari mapya

Pikapu zenye kompyuta, kama za D-4D, zinapunguza nguvu zenyewe zikiona hatari, na taa inawaka kwenye dashi. Hizi zinaomba skaneri. Presha ya mazutu humo inapita bar 1000, wakati tairi la gari lina bar chache tu. Mtu asilegeze tiyo za enjekteri moteri ikizunguka: mazutu inaweza kutoboa ngozi na kuingia mwilini.

Ikizimika njiani

Usipige-pige breki, msaada uliobaki unatosha mara moja au mbili tu. Kanyaga kwa nguvu mara moja, weka vitesi ya kwanza, vuta breki ya mkono, wekea matairi mawe. Shusha abiria upande wa mlima, si upande wa bonde.

Na katika garaje, mwenye gari aombe apewe kila kitu kilichotolewa, na aone jaribio kabla ya kukubali kulipa. Fundi anayesema "ni pompi" anapaswa kuonyesha kwanza kwamba mazutu safi, bila maji wala hewa, inafika kwenye pompi hiyo.