Kompyuta ya Michezo: Uteuzi wa Viungo Vyake kwa Fedha Haba

Kompyuta ya michezo ya kujiundia ni mashine ambayo mwenyewe hainunui ikiwa imekwisha kufungwa kiwandani, bali huteua viungo vyake kimoja baada ya kingine, akavikusanya na kuviunganisha kwa mkono wake au kwa mkono wa fundi, muradi wake ukiwa ni kuchezea michezo ya video inayodai picha nyingi na za kasi. Jambo hilo limewezekana kwa sababu mbili za kihistoria. Ya kwanza ni kwamba IBM, ilipotoa kompyuta yake binafsi mwezi wa Agosti 1981, iliijenga kwa vifaa vya kununuliwa kwa watu wengine na ikaacha maelezo ya ujenzi wake wazi, hata makampuni mengine yakaweza kuiiga na kuuza kadi za kuchomeka ndani yake. Ya pili ni kanuni ya vipimo iitwayo ATX, iliyotolewa na Intel mwaka 1995, ambayo kwayo ubao wa kampuni moja huingia katika kasha la kampuni nyingine, tundu la parafujo likakutana na tundu lake, bila ya mwenye ubao na mwenye kasha kupata kujuana.

Neno haba katika mlango huu halina kima maalumu, kwani haba ya mwanafunzi si haba ya mwenye mshahara. Walakini hesabu yake ni moja kila mahali, nayo ni kwamba fedha iliyozidi katika kiungo kimoja imepunguka katika kingine, na kiungo dhaifu hakishindwi peke yake, bali huwafunga mikono wenziwe walio na nguvu. Aghalabu watu huanza hesabu hiyo kwa prosesa, kwa kuwa ndiyo itajwayo kwanza katika matangazo. Rai ya makala haya ni kwamba ianzie kwenye kioo, yaani skrini ambayo mchezaji ataikodolea macho. Kioo cha kawaida kina nukta 1920 kwa 1080, ambazo ni zaidi ya milioni 2, nacho hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Basi mashine inatakiwa iwe imekwisha kuchora kila picha kwa muda usiozidi sehemu 17 za elfu za sekunde. Kioo cha nukta 3840 kwa 2160 kina nukta mara nne ya hizo, na kazi ya kuzichora huongezeka kwa kadiri ya kutisha. Aliye na kioo cha aina ya kwanza, kisha akanunua kadi ya picha iliyokusudiwa aina ya pili, ametia maji katika gudulia lililokwisha kufurika.

Baada ya kioo huja mchezo wenyewe. Katika kuifanya picha moja, prosesa hupiga hesabu za mambo yaliyotokea, nani amekwenda wapi na risasi imempata nani, na kadi ya picha huyachora hayo yakaonekana. Mwenye hesabu akichelewa, mchoraji hukaa na brashi yake mkononi akingoja. Michezo ya mashindano kama Counter-Strike 2, Valorant na Dota 2 ina picha nyepesi na hesabu za haraka, kwa hiyo huielemea prosesa zaidi, ilhali mchezo kama Cyberpunk 2077, uliotoka Desemba 2020, wenye mji mzima wa taa, mvua na vivuli, huielemea kadi ya picha. Mtu asiyejua atacheza nini hana njia ya kujua anunue nini.

Kadi ya picha ndiyo sultani wa mashine hii, na mazoea ya waundaji ni kuitengea theluthi moja hadi nusu ya fedha zote. Kwa mwenye fedha haba, soko lake ni la mitumba, na soko hilo lina tarehe yake ya kukumbukwa: tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya kidijiti ya Ethereum uliacha utaratibu wa kuchimba sarafu kwa kadi za picha, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo usiku na mchana zikamwagwa sokoni kwa bei ya chini. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Chipu yake, iliyokaa katika joto moja muda wote, huenda ikawa nzima kuliko ya mchezaji iliyokuwa ikipata moto na kupoa kila jioni. Vichakaavyo ni feni, pamoja na dawa ya kupitisha joto iliyopakwa baina ya chipu na bati lake, na vyote viwili hubadilishwa kwa gharama ndogo. Mnunuzi mwenye busara hutaka kadi ichomekwe mbele yake, akaiendesha katika mchezo mzito kwa robo saa, akasikiliza feni kama yakwaruza, akaangalia kama kioo chafanya madoa au mistari, ndipo akatia mkono mfukoni.

Katika ukoo wa kadi rahisi, Radeon RX 580 ya mwaka 2017 na GeForce GTX 1060 ya mwaka 2016 zimewahudumia watu wengi mno, lakini umri nao una hukumu yake. Mchezo wa Indiana Jones and the Great Circle, uliotoka Desemba 2024, unahitaji kadi yenye vifaa vya kufuatisha miale ya nuru, na hizo mbili hazina. Mwenye kuzinunua leo na azinunue kwa ajili ya michezo ya jana. Radeon RX 6600 ya mwaka 2021, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, na GeForce RTX 3060 yenye gigabaiti 12, ya mwaka huo huo, zina wasaa zaidi. Ya kuepukwa na mwenye mashine ya zamani ni RX 6500 XT ya Januari 2022, ambayo si kwamba ni mbovu, bali imepewa njia 4 tu za kupitishia data mahali ambapo wenzake wana 8 au 16. Katika ubao mpya njia hizo hutosha, na katika ubao wa kizazi kilichotangulia kila njia hupitisha nusu ya data, kadi ikajikuta mlangoni pembamba na mzigo kichwani.

Ghiliba ya soko hili yataka kusemwa bayana. Iko kadi iuzwayo kwa jina la GTX 1050 Ti, ya mwaka 2016, ambayo ndani yake mna chipu ya GTX 550 Ti ya mwaka 2011. Walaghai huiandikia upya programu yake ya ndani ili kompyuta ikiiuliza jina ijibu jina la uongo. Dalili yake huonekana kwa macho matupu kabla ya kuwashwa chochote: nyuma yake mna tundu la buluu la VGA, ambalo chipu za kweli za ukoo wa 1050 Ti hazina tena namna ya kulilisha. Programu ya bure iitwayo GPU-Z nayo huitambua, ikamwandikia mwenyewe neno la kwamba ni bandia. Ghiliba ya pili ni ya ndugu pacha: RX 580 ya asili ina vichakataji 2304, na ipo nyingine iitwayo RX 580 2048SP, yenye 2048, sawa na RX 570 ambayo bei yake ni ndogo; muuzaji huyatamka maneno mawili ya kwanza kwa sauti na la tatu akalimeza.

Kuhusu prosesa na ubao mkuu, ambao mafundi huuita madabodi, jambo la kuzingatia ni umri wa soketi, yaani tundu la ubaoni linalopokea prosesa. Soketi ya AM4 ya kampuni ya AMD ilitoka mwaka 2016, na mwenye ubao wa siku za mwanzo, pindi mtengenezaji wake akitoa programu mpya ya BIOS, huweza kuutia Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022 bila ya kubadili kitu kingine. Ni nadra kompyuta kumwonea mtu huruma kiasi hicho. AM5 iliyoifuata Septemba 2022 hukubali kumbukumbu za DDR5 peke yake, na gharama ya kuingia humo ni kubwa zaidi. Kwa upande wa Intel, Core i3-12100F ya Januari 2022 ina viini 4 na hutosha michezo mingi, ila herufi F iliyo mwishoni maana yake ni kwamba haina picha ya ndani; wako walioinunua kwanza wakangoja mwezi wa pili ndipo wanunue kadi, na mwezi mzima ukapita kioo kikiwa cheusi. Anayetaka kuanza bila ya kadi na achukue Ryzen 5 5600G, ambayo ina mchoraji wake ndani. Kumbukumbu, yaani RAM, na inunuliwe vipande viwili vya gigabaiti 8 badala ya kimoja cha 16, kwani viwili hufungua njia mbili kwa pamoja, na mashine isiyo na kadi huiona tofauti hiyo papo hapo.

Sasa tufike kwenye njia inayofuatwa na wengi Kariakoo, Dar es Salaam, na katika maduka ya katikati ya Nairobi, nayo ni kuchukua kompyuta ya ofisi iliyostaafu, aghalabu Dell OptiPlex au HP EliteDesk iliyotoka Ulaya au Ghuba, na kuigeuza kuwa ya michezo kwa kuichomeka kadi ya picha. Mashine hizi zimezidi kushuka bei tangu Windows 10 ilipokoma kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, kwa maana Windows 11 hukataa prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 8. Hasara ya ofisi imekuwa faida ya mchezaji, lakini kwa masharti. Pawa saplai ya mashine hizo mara nyingi haifiki wati 300 wala haina nyaya za kulisha kadi, hivyo kadi itategemea wati 75 zinazotolewa na tundu la ubaoni tu. GTX 1050 Ti na GTX 1650 huweza kuishi kwa posho hiyo, ingawa baadhi ya GTX 1650 zimetengenezwa zikiwa na tundu la waya wa ziada, na mtu na aliangalie hilo kabla ya kulipa. Kasha jembamba hukubali kadi fupi za kimo cha nusu peke yake, na rula ya mtoto wa shule hufaa hapa kuliko maneno ya dalali. Tena mwenye kufikiri kwamba ataing'oa pawa saplai akaweka kubwa atakuta kwamba plagi ya ubao si ya ATX yenye vijiti 24, bali ni ya kampuni yenyewe, na kwamba itamlazimu kutafuta waya wa kubadilishia.

Pawa saplai ndicho kiungo kinachodharauliwa na wengi na ndicho chenye uwezo wa kuviua vyote vingine. "Wati mia tano hiyo, bosi," atasema muuzaji, na ubavuni mwa kasha imeandikwa 500 kwa tarakimu kubwa. Lakini prosesa na kadi ya picha hulishwa na mkondo wa volti 12, na mwenye subira ya kusoma jedwali dogo lililo chini ya tarakimu hiyo pengine atakuta kwamba mkondo huo una ampea 20 tu. Mara 12 ni wati 240. RX 6600 hula hadi wati 132, na i3-12100F ikikaza mwendo hufika 89. Jumla ni 221, na diski na feni hazijaketi mezani. Mashine itawaka vizuri, itafungua barua na sinema, na katikati ya mchezo itazima kwa ghafula, na mwenyewe atailaumu kadi. Alama ya 80 Plus, iliyoanzishwa mwaka 2004, hueleza ni kiasi gani cha umeme hakipotei kwa joto. Si cheti cha usalama, ijapokuwa husomwa hivyo.

Zipo pawa saplai za zamani, hususan zilizotoka Marekani, ambazo nyuma zina swichi ndogo nyekundu yenye maandishi 115 na 230. Swichi hiyo ikiwa kwenye 115 na plagi ikachomekwa katika umeme wetu wa volti 230 au 240, hupatikana mlio kama wa fataki, harufu ya kuungua, na safari ya pili ya dukani. Ukucha mmoja wa kidole hutosha kuisukuma upande wa haki kabla ya yote. Mahali ambapo umeme hupanda na kushuka, stabilaiza au UPS na ihesabiwe katika bajeti tangu siku ya kwanza. Na mtu akiligusa kasha kwa mgongo wa mkono huku yu miguu mitupu sakafuni akahisi linamtekenya, sababu ni kwamba kapasita za kuchuja umeme ndani ya pawa saplai humimina mabaki yake katika waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi, na waya huo katika nyumba yake ama haukufungwa ama umekatika. Hapo aitwe fundi umeme, si fundi kompyuta.

Yaliyobaki ni mepesi. Diski ya SSD, hata ile ya SATA ipitishayo megabaiti 550 kwa sekunde, haizidishi picha za mchezo lakini hukata muda wa kungoja ufunguke. Kasha lolote lenye matundu mbele na feni mbili linafaa, na la kioo kitupu mbele, zuri kama lilivyo, hufungia joto ndani. Pwani, ambako upepo una chumvi na vumbi hugandamana na unyevu, feni hutaka kusafishwa kila baada ya miezi michache.

Kabla ya kuvitia viungo ndani ya kasha, mafundi wazoefu huulaza ubao juu ya katoni lake, wakaufungia prosesa, RAM na kadi, wakauwasha hapo hapo wazi, ili kosa likiwapo lionekane kabla parafujo hazijakazwa. Na mashine ikisha kukamilika, ikakabidhiwa, mwenyewe akalalamika kwamba kadi aliyoinunua kwa jasho haina nguvu iliyosifiwa, cha kwanza kutazamwa ni waya wa kioo: mara nyingi huwa umechomekwa katika tundu la ubao mkuu, na kadi iko inchi kadhaa chini yake, feni zake zimesimama, haijapata kuchora picha hata moja.