Cézanne na Heshima ya Tufaha

Katika Ufaransa ya zamani picha zilikuwa na daraja kama watu walivyokuwa na daraja. Katika karne ya 17 André Félibien, mwandishi wa Chuo cha Kifalme cha Uchoraji, alizipanga: juu kabisa visa vya dini na historia, chini yake sura za watu, na chini kabisa vitu vilivyotulia, yaani matunda, maua na vyombo. Ilidhaniwa kuwa mchoraji wa kitu kisicho na roho hahitaji fikira, bali mkono mwepesi na jicho kali tu. Hata Jean Siméon Chardin, fundi asiye na kifani, alipopokewa chuoni mwaka 1728 alipokewa kwa jina la mchoraji wa wanyama na matunda.

Paul Cézanne, aliyezaliwa Aix-en-Provence mwaka 1839, aliyakuta mawazo hayo yangali hai. Baba yake, mwenye benki, alimtaka awe mwanasheria. Mwana akachagua brashi. Tangu miaka ya 1860 alipeleka picha zake Salon, maonyesho makuu ya Paris, nazo zikarudishwa mwaka baada ya mwaka. Moja tu ilipokewa, mwaka 1882. Picha zake za kwanza zilikuwa nzito na za giza, na mwaka 1866 alizoea kupaka rangi ya mafuta kwa kisu badala ya brashi. Mwaka 1872 alihamia karibu na Camille Pissarro, mjini Pontoise. Kwake alijifunza rangi za nuru na miguso midogo ya brashi.

Lakini mwanafunzi hakukomea alipokomea mwalimu. Wenzake walitafuta nuru ipitayo. Yeye alitaka kitu kiwe na uzito na kidumu. Kwa haja hiyo hapakuwa na mwenzi bora kuliko tunda, kwa sababu mtu anayechorwa huchoka na kujitikisa, bali tufaha hukaa lilipowekwa. Hata hivyo, Cézanne alifanya kazi polepole mno hata matunda yakaoza mezani kabla picha haijaisha. Aliyapanga kwa makini, akiweka sarafu chini ya moja ili liinuke kidogo. Wala hakulifanya tunda kuwa mviringo kwa kivuli cheusi, kama desturi ilivyokuwa. Aliziweka rangi za moto kando ya rangi za baridi, nyekundu na njano zikasogea mbele, buluu na kijani zikarudi nyuma.

Mtindo huo waonekana wazi katika picha ya kikapu cha matufaha, ya mwaka 1893 hivi, iliyohifadhiwa Chicago. Chupa imeinama, na ukingo wa meza upande mmoja wa kitambaa haukutani na ukingo wa upande wa pili. Kanuni ya kuonyesha umbali, iliyotungwa Italia katika karne ya 15, humchukulia mtazamaji kuwa na jicho moja lisilosogea. Mwanadamu hatazami hivyo: ana macho mawili, na kichwa chake hugeuka. Cézanne alichora kuona kwenyewe, si kanuni ya kuona.

Wengi walisema hajui kuchora. Mwaka 1886 Émile Zola, rafiki yake wa utotoni, alitoa riwaya ya mchoraji aliyeshindwa, na wasomaji wakamwona Cézanne ndani yake. Hukumu ya adui huvumilika. Ya rafiki hukata maini. Naye akarudi mezani pake.

Maonyesho yake ya kwanza ya peke yake yalifanywa mwaka 1895 katika duka la Ambroise Vollard, umri wake ukiwa miaka 56. Mwaka 1900 Maurice Denis alichora wasanii waliosimama kwa heshima kuizunguka picha moja ya Cézanne ya matunda, iliyokuwa mali ya Gauguin. Cézanne alifariki mwaka 1906. Mwaka uliofuata kazi zake zilikusanywa Paris, na vijana kama Picasso na Braque walichota humo walichokihitaji kwa mtindo wa kubizimu, ambao huonyesha kitu kutoka pande nyingi kwa mara moja.

Basi mlango wa uchoraji mpya haukufunguliwa na wafalme wala majemadari wa picha za daraja la juu. Ulifunguliwa katika daraja la chini, mahali ambapo hakuna aliyetazamia jambo, na mtu aliyekubali kudharauliwa miaka 30 kuliko kuchora asichokiona.